Tiketi ya Ng'ambo Ukiwa Cheptais: Nauli Zikipanda, Ununue Lini?

Mzee yeyote wa Cheptais aliyeliona soko la Chepkube la miaka ya sabini anaweza kukusimulia habari za bei. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na kufikia 1977 kahawa ilikuwa imepanda bei dunia nzima. Magunia kutoka Uganda ya Idi Amin yakavushwa mpaka kwa magendo hadi soko la Chepkube, na pesa zikamiminika. Bei ile ilipandishwa na jambo la bara jingine, ikashuka vivyo hivyo, wala hakuna mchuuzi wa Chepkube aliyejua kilele kingekuwa siku gani.

Nauli ya ndege nayo iko hivyo. Hupandishwa na kushushwa na mambo usiyoyatawala: bei ya mafuta, thamani ya dola, na idadi ya watu wanaotaka kusafiri wiki ile ile unayotaka wewe. Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kutabiri. Unakusaidia kuamua mambo mawili kabla hujaanza kutazama bei: kiasi cha juu kabisa ulicho tayari kulipa, na siku ya mwisho ya kununua. Ukiwa na hayo mawili, nauli ikipanda hutababaika.

KWA NINI NAULI HUPANDA

Mafuta. Mafuta huchukua takriban robo hadi theluthi ya gharama za shirika la ndege. Machi 2022, Urusi ilipokwisha kuivamia Ukraine, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120, na mashirika mengi yakapandisha nauli au kuongeza ada ya mafuta. Bei ya mafuta ikishuka, nauli huchelewa kuifuata.

Dola. Nauli nyingi za ng'ambo hupangwa kwa dola hata kama wewe unalipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa karibu 129. Chukua tiketi ya dola 1,200. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 192,000, kwa kiwango cha pili ni 154,800. Tofauti ya shilingi 37,200, na shirika la ndege halijabadilisha kitu.

Viti. Ndani ya ndege moja, viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Vimegawanywa katika mafungu: machache ya bei ya chini, mengine ya kati, mengine ya juu. Fungu la chini likiisha, mfumo hufungua la pili. Ndiyo maana jirani yako amelipa pungufu kwa ndege ile ile.

Msimu. Hili huhitaji kufundishwa. Unajua nauli ya matatu ya Nairobi kuja Bungoma inavyokuwa tarehe 23 Desemba. Ndege nazo zina Desemba yao, tena zina pia Julai na Agosti, wakati shule za Ulaya na Marekani zimefungwa.

KANUNI YA KWANZA: VIZA KABLA YA TIKETI

Watu wengi hupoteza pesa hapa zaidi kuliko katika kupanda kwa nauli. Wanaona bei nzuri, wananunua, viza inachelewa au inakataliwa, na tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudishiwi pesa.

Ubalozi ukitaka uthibitisho wa safari, mara nyingi unachotakiwa kuonyesha ni nafasi uliyowekewa, si tiketi uliyolipia. Soma masharti ya ubalozi wenyewe, usisikilize maneno ya steji. Zingatia na muda: viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15, viza ya matembezi ya Uingereza huombwa kuanzia miezi 3 kabla. Kwa hiyo anayetaka kwenda London Desemba hawezi kuanza kabla ya Septemba. Apange akijua kwamba tiketi yake haitakuwa ya bei ya mapema sana.

Usisahau viza ya kupitia. Mwenye pasipoti ya Kenya akibadilisha ndege Uingereza huhitaji viza ya kupita uwanjani, isipokuwa awe na vibali vinavyomsamehe. Marekani haina njia ya kupita bila viza hata kama hutoki nje ya uwanja. Canada nayo hutaka viza ya kupitia. Tiketi iliyo nafuu kwa shilingi 15,000 lakini inapitia nchi inayokudai viza nyingine si nafuu.

HATUA NANE ZA KUNUNUA

1. Kagua pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Kama muda wake unakaribia kwisha, shughulikia hilo kwanza, maana safari za kwenda ofisi ya pasipoti na siku za kungoja zinaweza kula muda wote wa nauli nzuri.

2. Andika tarehe tatu. Tarehe ya mapema unayoweza kuondoka, tarehe unayoipenda, na tarehe ambayo ukiipita umechelewa. Mwanafunzi atazame barua ya chuo: siku ya mwisho ya kuripoti ndiyo tarehe ya tatu. Kadiri siku zinavyokuwa nyingi kati ya ya kwanza na ya tatu, ndivyo unavyoweza kupata nafuu. Jumanne au Jumatano mara nyingi huwa na nauli ya chini kuliko Ijumaa na Jumapili.

3. Tazama soko kwa wiki mbili. Tumia Google Flights, Skyscanner au Kayak kwenye simu. Fungua kalenda ya bei, uone mwezi mzima kwa mara moja. Andika bei kwenye daftari kila siku ya tatu, saa yoyote. Baada ya wiki mbili utajua bei ya kawaida ya njia yako. Asiyejua bei ya kawaida hawezi kujua kama hii ya leo ni nzuri.

4. Weka dari. Chukua bei ya kawaida uliyoiona, ongeza kidogo ambacho mfuko wako unaweza kustahimili, uandike: "Sitalipa zaidi ya hapa." Andika pia siku ya mwisho ya kununua.

5. Washa arifa ya bei. Programu hizo hukutumia ujumbe nauli ikipanda au ikishuka. Arifa inakuondolea kazi ya kutazama simu usiku kucha.

6. Ikigusa dari au kushuka chini yake, nunua. Usingoje ishuke tena. Siku ya mwisho ikifika kabla haijashuka, nunua ya nafuu kabisa iliyopo siku hiyo. Nauli za ng'ambo kwa kawaida hupanda wiki tatu za mwisho, hazishuki.

7. Hesabu gharama yote. Je, begi la kupakia limo? Nauli nyingine za chini ni za begi la mkononi tu. Mashirika mengine hukupa begi moja la kilo 23, mengine mawili. Mwanafunzi aulize kuhusu nauli ya wanafunzi, kwa kuwa mashirika kadhaa huwaongezea mzigo. Linganisha na bei ya kwenda na kurudi, maana safari ya kwenda tu wakati mwingine hukaribia bei ya zote mbili.

8. Nunua, kisha acha kutazama. Ukishalipa, zima arifa. Kujua kwamba nauli ilishuka wiki iliyofuata hakutakurudishia shilingi.

---

KISANDUKU: KALENDA YA KUNUNUA

Hizi ni kanuni za kukisia, si ahadi. Mashirika mengi hufungua viti takriban miezi 11 kabla ya safari, lakini kununua mapema mno hakuleti nafuu siku zote.

- Kusafiri katikati ya Desemba hadi mapema Januari: nunua kati ya Julai na Septemba.
- Kusafiri Julai, Agosti au mwanzo wa Septemba: nunua Aprili hadi Juni. Mwanafunzi ambaye viza yake imechelewa anunue siku ile ile anayoipata.
- Kusafiri mwisho wa Januari, Februari, Mei, Oktoba au Novemba: miezi 2 hadi 3 kabla inatosha. Hii ndiyo miezi ya nafuu. Mwenye uhuru wa kuchagua achague hapa.
- Kwenda Ghuba karibu na Idi au msimu wa Hija: ongeza mwezi mmoja wa mapema.
- Msiba au ugonjwa: nunua leo. Hakuna mbinu.

---

HABARI ZA MAFUTA ZIKITANGAZWA REDIONI

Unasikia asubuhi kwamba mafuta yamepanda duniani. Ukimbie kununua? Jiulize maswali matatu:

- Viza iko mkononi? Kama haiko, tulia.
- Safari iko ndani ya miezi mitatu? Kama ndiyo, na bei iko chini ya dari, nunua wiki hii.
- Safari iko mbali zaidi ya miezi sita? Ngoja. Mafuta yanaweza kupanda na kushuka mara mbili kabla ya siku yako.

Swali lingine hujitokeza hapa: nibadilishe shilingi ziwe dola niziweke? Kwa mtu wa kawaida, tiketi moja haistahili hilo. Kinga rahisi dhidi ya dola ni kununua tiketi mapema ndani ya muda uliotajwa kalendani.

JKIA AU ENTEBBE?

Sisi wa mpakani tuna jambo ambalo wa Nakuru hana. Kutoka Cheptais unavuka Lwakhakha, unapita Mbale na Jinja hadi Kampala, kisha Entebbe. Kwa barabara, njia hiyo si ndefu kuliko kwenda Nairobi kupitia Bungoma na Eldoret. Entebbe ina ndege za Emirates, Qatar Airways, Ethiopian, Turkish, KLM na Uganda Airlines. Linganisha bei za Entebbe na za JKIA ya Nairobi kabla ya kuamua.

Ukichagua Entebbe:

- Pitia mpakani kwa pasipoti, igongwe mhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Uganda. Kitambulisho kinachokuvusha kwenda sokoni hakitoshi kwa anayepanda ndege upande wa pili.
- Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Fika Kampala jana yake. Msongamano wa barabara ya Jinja hauna huruma.
- Panga na kurudi: tiketi ya kurudi itakushusha Entebbe pia.

Onyo moja. Wakala wa kazi za Ghuba akikuambia uondokee Entebbe "ili kuepuka maswali ya Nairobi," ondoka ofisini mwake. Hiyo ni njia ya wanaosafirisha watu kinyume cha sheria.

Ukichagua Nairobi, hesabu na safari ya kufika. Unaweza kupanda ndege Eldoret au Kisumu, lakini hakikisha inatua JKIA. Baadhi ya ndege ndogo, zikiwemo za Kitale, hutua uwanja wa Wilson, na kutoka Wilson hadi JKIA utahitaji teksi na muda. Kwa basi au matatu, fika Nairobi jana yake. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko ya kuachwa na ndege kwa sababu ya lori lililoanguka Salgaa.

PESA ITATOKA WAPI, NA LINI

Kwetu, tiketi ya mwanafunzi hununuliwa na watu wengi: mama kauza ng'ombe, chama kimetoa, kanisa limechanga. Shida huwa ni ratiba. Viza inatoka Jumatatu, harambee imepangwa Jumamosi ya pili, na pesa za mwisho zinafika baada ya hapo. Katika siku hizo kumi na mbili fungu la viti vya bei ya chini limekwisha. Familia inalipa zaidi kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya harambee.

Fanyeni hivi:

1. Harambee ifanyike wakati viza inangojwa, si baada ya kutoka.
2. Pesa ziwekwe kwenye akaunti ya benki au sacco yenye watia saini wasiopungua wawili.
3. Mbele ya wachangiaji wote itamkwe: viza ikikataliwa, pesa zitarudishwa au zitatumika kwa jambo gani. Iandikwe.
4. Mtu mmoja apewe idhini ya kununua bila kuitisha mkutano mwingine, mradi bei iwe chini ya dari mliyokubaliana.

Wakulima wajihadhari na kalenda ya shamba pia. Anayeripoti chuo Septemba anahitaji pesa Mei au Juni, wakati mahindi yako shambani na ghala ni tupu. Asitegemee mahindi, ategemee maziwa, vitunguu au malipo ya kahawa, au auze mapema mahindi ya msimu uliopita na kuziweka pesa. Anayeripoti mwisho wa Januari anahitaji pesa Oktoba, na hapo mavuno yanapoingia bei ya gunia huwa imelala. Kuuza magunia yote kwa bei hiyo ili kulipa tiketi ni hasara mbili kwa siku moja.

Kumbuka pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Mnaosafiri wawili au watatu, pangeni na benki mapema.

JINSI YA KUJUA KAMA TIKETI NI YA KWELI

Nauli zikipanda, wakora huja na "ofa". Tiketi ina namba mbili, nazo si kitu kimoja.

Ya kwanza ni namba ya nafasi: herufi na tarakimu sita. Inaonyesha tu kwamba jina lako limewekwa kwenye orodha. Yeyote anaweza kuweka nafasi bila kulipa, na baada ya saa kadhaa au siku chache ikafutika.

Ya pili ni namba ya tiketi: tarakimu 13. Hii hutolewa tiketi ikishalipiwa. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja shirika: Kenya Airways ni 706, Emirates 176, Qatar Airways 157, Ethiopian 071, KLM 074, Turkish 235. Ukiambiwa umekatiwa tiketi ya Qatar na hakuna namba inayoanza na 157, uliza kwa nini.

Fanya hivi kabla ya kuondoka ofisini kwa wakala au kwenye saiba:

1. Lipa kwa namba ya biashara yenye jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi, kisha omba namba zote mbili kwa maandishi.
2. Fungua tovuti ya shirika la ndege mwenyewe, kwa simu yako.
3. Weka namba ya nafasi na jina lako la ukoo. Safari itokee, na hali yake isomeke kuwa imethibitishwa na imekatiwa tiketi.
4. Rudia ukaguzi huo baada ya siku tatu.

Kama unakwenda kufanya kazi ya nyumbani Ghuba, hoja ya kwanza si bei ya tiketi bali ni nani anailipa. Kwa utaratibu unaofaa, tiketi ya kwenda hugharimiwa na upande wa mwajiri. Ukidaiwa pesa za tiketi, thibitisha leseni ya wakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) kabla ya kutoa chochote.

MAKOSA YA KAWAIDA

- Kungoja "siku ya bei rahisi". Hakuna siku ya wiki yenye uchawi wa kununulia. Siku ya *kusafiri* ndiyo inayobadilisha bei.
- Kutafuta viti vinne kwa pamoja bila kujaribu kimoja. Kama fungu la chini limebaki na viti viwili, ukitafuta vinne mfumo utakuuzia vyote kwa bei ya fungu la juu. Jaribu kimoja, kisha viwili, uone bei inapogeuka.
- Jina lisilofanana na pasipoti. Jina la tiketi lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linaweza kukugharimu ada ya marekebisho, au kukuzuia kupanda.
- Kununua tiketi mbili zisizounganishwa. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Kwa tiketi moja iliyounganishwa, watakutafutia ndege nyingine.
- Kuruka kipande cha kwanza. Ukikosa kupanda mwanzo wa safari, vipande vilivyobaki hufutwa, hata vya kurudi.
- Kutouliza ada ya kubadilisha tarehe. Iulize kabla ya kulipa. Mwenye shaka na tarehe anunue nauli inayobadilika, hata kama ni ghali kidogo.
- Kuacha tiketi ikafutwa bila kudai kitu. Hata tiketi isiyorudishwa, uliza kuhusu kodi za viwanja ambavyo hukuvitumia. Baadhi hurudishwa.

ORODHA YA MWISHO KABLA YA KULIPA

☐ Pasipoti ina miezi 6 au zaidi baada ya safari.
☐ Viza iko mkononi, na viza ya kupitia kama inahitajika.
☐ Nimeangalia bei kwa wiki mbili na naijua ya kawaida.
☐ Bei ya leo haizidi dari niliyoandika, au siku yangu ya mwisho ya kununua imefika.
☐ Nimelinganisha JKIA na Entebbe, pamoja na nauli ya barabara na malazi.
☐ Najua mzigo unaoruhusiwa, kwa kilo.
☐ Najua ada ya kubadilisha na kufuta.
☐ Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.
☐ Nitapata namba ya tiketi yenye tarakimu 13.

Visanduku vyote vikiwa na alama, lipa leo, usingoje kesho. Kimoja kikiwa wazi, usilipe hata kama bei inakuvutia, kishughulikie kwanza. Kisha chukua kalamu, kabla hujafungua programu yoyote ya nauli, uandike dari yako na siku yako ya mwisho kwenye karatasi, uibandike ukutani ambapo nyumba nzima itaiona.